Samaki wa Mapambo Hapimwi kwa Kilo

Muulize mwanafunzi yeyote wa idara yetu, kuanzia mwaka wa pili kwenda juu, atajuaje kwamba chakula anachompa samaki kinamfaa. Atakujibu kabla hujamaliza swali: nitampima. Mpime leo, mpime tena baada ya wiki mbili, toa, gawanya, zidisha kwa mia. Kisha atakuhesabia ni kilo ngapi za chakula zimeingia majini ili kilo moja ya samaki itoke. Ni jibu zuri sana ukiwa unafuga ngege kule Busia au kambare Kakamega, manake ngege huuzwa kwa kilo na huliwa na ugali. Lakini makomredi, sisi tuko Pwani. Nje ya dirisha la maabara kuna hori, nje ya hori kuna matumbawe, na kwenye matumbawe hayo kuna samaki ambao hakuna mtu anayewauza kwa kilo. Huuzwa mmoja mmoja, wakiwa hai, kwa umbo na rangi yao. Na sisi bado tunafundishwa kuwalisha kwa mizani ya ngege.

Naandika haya kwa sababu ya jambo lililo mezani. Kamati ya pamoja ya idara na wanafunzi itakaa mwisho wa muhula huu kuamua pesa za kuboresha maabara ya viumbe wa bahari zitumikeje. Pendekezo lililopo ni matangi sita mapya ya kioo, yapangwe kwenye ukumbi wa kuingilia, yawe na taa za buluu na matumbawe ya bandia, ili wageni na wazazi wa siku ya mahafali wayaone. Mimi nataka pesa hizo hizo ziende kwenye chumba cha chakula hai. Chumba kisicho na urembo wowote: ndoo, chupa, taa za kawaida, mirija ya hewa, chujio na harufu ya maji ya chumvi. Najua pendekezo langu halina mvuto. Tangi la kioo linapigika picha. Rotifa hapigiki.

Kwa wenzetu wa sheria na biashara ambao hawajui biashara yenyewe, hebu niieleze kidogo. Samaki wa mapambo wa bahari ni wale wanaofugwa kwenye matangi ya majumbani na hotelini, hasa Ulaya na Marekani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba samaki milioni 20 hadi 24 wa aina hii huuzwa duniani kila mwaka, wa spishi 1,471. Wale wa maji baridi, kina gapi na wenzake, karibu wote hutoka kwenye mabwawa ya wafugaji. Wale wa baharini ni kinyume kabisa: walio wengi mno hukamatwa mwituni. Kenya ni mmoja wa wauzaji. Wapiga mbizi wa Shimoni, Mtwapa, Kikambala na Kilifi huingia majini na vijavu vidogo, humzingira samaki mmoja kwenye jiwe lake, humtia kwenye mfuko, na baada ya siku kadhaa za kuwekwa kwenye banda la kuhifadhia yuko ndani ya ndege.

Sasa fikiria habari ya tumbo la samaki huyo. Amekamatwa, ameshtuka, hali. Akifika bandani anapewa chakula asichokijua. Kabla ya kusafirishwa anafungishwa kwa makusudi, siku moja hata mbili, ili asichafue maji ya mfuko wa plastiki njiani. Anatua Ulaya, anafunguliwa, anawekwa kwenye tangi la jumla, anashtuka upya. Wengi wanaokufa baada ya safari ile hawafi kwa ugonjwa wenye jina kubwa. Wamechoka, na hawajala. Mzee mmoja mpiga mbizi nilimuuliza huwa anawalisha nini akiwa nao bandani, akanitazama kama niliyeuliza bahari inafungwa saa ngapi. "Sisi hatulishi samaki, mwanangu. Bahari ndiyo hulisha."

Ana haki mzee. Na hapo ndipo penye shida nzima ya kuwazalisha samaki hawa, manake siku ukimtoa samaki baharini unatwaa kazi ya bahari, na bahari haimlishi kifaranga vidonge.

Samaki wengi wa matumbawe wanapoanguliwa hawana cha kujivunia. Mdomo haujafunguka, macho hayajakamilika, na njia ya chakula ni kimrija kilichonyooka tu, hakina tumbo la kufanya kazi. Wana akiba ya kiini cha yai, basi. Akiba hiyo ikikaribia kwisha, baada ya siku chache, mdomo sharti uwe umefunguka na mbele yake pawe na kitu kinachoogelea, kidogo cha kutosha kuingia mdomoni, chenye lishe, na kiwe kingi kiasi kwamba kifaranga asiye na nguvu akijitupa mara kumi apate angalau mara moja. Kisipokuwepo, ipo saa ambayo ikishapita hata ukimletea karamu hali tena. Nguvu za kuwinda zimekwisha. Mnorwei Johan Hjort alitoa hoja ya namna hii mwaka 1914 akieleza kwa nini miaka mingine bahari hujaa samaki na mingine hukauka: huenda yote yameamuliwa siku zile chache za mlo wa kwanza. Zaidi ya miaka mia imepita, na mfugaji wa samaki wa mapambo bado anapambana na siku zile zile.

Kwa nini nemo ndiye samaki wa mapambo wa bahari aliyetangulia kufugwa kwa wingi? Watu hudhani ni kwa sababu ya ile filamu ya 2003. Sivyo, alikuwa amezalishwa kwenye matangi miaka mingi kabla. Sababu ni mdomo. Nemo hutaga mayai yake juu ya jiwe kando ya anemoni, baba huyapepea na kuyasafisha kwa wiki moja hivi, na vifaranga hutoka usiku wakiwa na urefu wa milimita tatu au nne. Kwetu hicho ni kitu kidogo. Kwa viwango vya matumbawe ni jitu. Kifaranga huyo anaweza kummeza rotifa siku ile ile ya kwanza.

Rotifa ni mnyama wa majini asiyeonekana vizuri bila hadubini, ukubwa wake kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu tatu za kumi za milimita. Anaogelea polepole, anazaliana haraka, anakula mwani mdogo uliotawanyika majini. Wafugaji wa mikunga ya maji baridi kule Japani walimwona kama balaa la mabwawa yao, mpaka katika miaka ya 1960 wakatambua kwamba balaa lile ni chakula cha vifaranga wa samaki wa bahari. Tangu hapo ufugaji wa samaki wa bahari ukabadilika duniani kote. Mimi napenda sana habari hiyo, na nashangaa kwamba kwenye kozi zetu rotifa hupewa nusu ukurasa.

Lakini rotifa hatoshi kwa wote. Chukua kangaja. Wenzetu wa Hawaii walihangaika miaka mingi kumzalisha kangaja wa manjano, samaki anayependwa mno na wenye matangi. Mayai walikuwa nayo. Vifaranga walianguliwa. Kisha siku ya tatu, ya nne, ya tano, wanakufa wote. Mdomo wao ni mdogo mno kwa rotifa, na hata akiingia hawashibi. Kilichowavusha ni kopepodi, hasa watoto wa kopepodi, ambao hawafiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita na ndio mlo wao wa asili baharini. Mwaka 2015 Oceanic Institute ya Hawaii Pacific University ikatangaza kwamba imefaulu kuwalea kangaja wa manjano mpaka wakawa samaki kamili. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Florida kikafaulu na yule kangaja wa buluu ambaye watoto humwita Dory, kwa njia hiyo hiyo ya watoto wa kopepodi. Dory, kwa taarifa yenu, anapatikana hata katika bahari yetu. Hawakufaulu kwa kununua tangi la kioo zuri zaidi. Walijifunza kwanza kumfuga mdudu anayeliwa.

Ni jambo linalonikera ninapoona bajeti zetu. Tunaanza na nyumba ya mgeni, kisha tunajiuliza atakula nini.

Turudi kwenye mizani. Mwaka jana kundi letu la watu wanne lililea vifaranga wa nemo waliotoka kwenye mayai ya jozi moja, usiku mmoja. Baada ya siku za rotifa tuliwagawa mara mbili. Kundi la kwanza tuliwapa atemia waliotoka kuanguliwa, kama kopo linavyoelekeza: mayai makavu, maji ya chumvi, hewa, kesho yake una chakula. Kundi la pili tuliwapa atemia wale wale, ila tuliwaacha wakue saa kadhaa mpaka midomo yao ifunguke, kisha tukawalisha mafuta yenye DHA kabla ya kuwatoa. Yaani tulimlisha mlo kabla mlo haujaliwa. Wiki ya tatu tukapima urefu. Ukiangalia namba zile kwenye karatasi huwezi kusema kundi lipi ni lipi. Ungekuwa ni mtihani, ungeandika kwamba vyakula vyote viwili vinalingana na ungepewa alama zote.

Kisha tukawahamisha kwa kijavu kwenda tangi jingine, kama ambavyo samaki yeyote wa kuuzwa atahamishwa mara tano au sita maishani. Kundi la pili wakatulia baada ya dakika chache. La kwanza wakaanza kuzunguka kama pia, wengine wakalala ubavu, wengine hawakuinuka tena. Mtu aliyekuwa anaandika daftari aliacha kuandika.

Si muujiza. Ngege anaweza kujitengenezea mwilini mafuta mengi marefu anayohitaji, akipewa malighafi ya mimea. Samaki wa bahari kwa jumla hawawezi hilo kwa kiasi cha kutosha, kwa sababu baharini hawakuwa na haja: kopepodi amejaa DHA tangu alipokula mwani, na samaki anapokula kopepodi anaipata tayari. Mafuta hayo ndiyo hujenga ubongo, macho na kuta za seli. Atemia wa kopo ana protini, ana nguvu, kifaranga anakula na kunenepa, lakini DHA hana. Matokeo ni samaki mwenye urefu sawa na ndugu yake na neva dhaifu. Wafugaji wa yule samaki mdogo wa Banggai, kule Indonesia, wanayajua madhara haya vizuri: kifaranga asiye na mafuta hayo hushtuka ukiwasha taa tu, akafa. Hebu mweke huyo kwenye ndege.

Ndiyo maana nasema kukua kwa samaki wa mapambo kuna maana tofauti. Uti wa mgongo umenyooka? Vifuniko vya matamvua vimefunga vizuri, au vimejikunja kwa kukosa vitamini C? Mapezi kamili? Na kwa nemo, je, mistari myeupe imetokea mahali pake, ikazunguka mwili mzima? Mistari ile hujitokeza wakati kifaranga anapobadilika kuwa samaki kamili, kwa amri ya homoni za tezi ya shingoni, na wafugaji wanajua kwamba hali ya malezi ikiwa mbaya unapata samaki wenye mistari iliyokatika katikati. (Kuna wanunuzi nchi za nje wanaolipa zaidi kwa hao waliokatika mistari. Binadamu ni kiumbe wa ajabu, tuwaache.) Vipimo hivi vyote havihitaji mizani. Vinahitaji simu yenye kamera, karatasi ya grafu chini ya kisahani cha kioo, na mtu mwenye subira.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi, kwa sababu ndilo jambo ambalo kila mtu tayari amelisikia. Samaki hawezi kutengeneza rangi ya chungwa wala nyekundu kutokana na hewa. Anaipata kwa kula: mwani huitengeneza, vijidudu na kamba hula mwani, samaki hula hao. Nemo aliyelelewa kwa vidonge vitupu hupauka akawa kama chai ya maziwa mengi. Mpe chakula chenye astazanthini, au unga wa maganda ya kamba ambao hapa kwetu hutupwa majalalani, rangi hurudi kwa wiki kadhaa. Ila msije mkadhani mnaweza kumlisha kangaja wa buluu awe buluu zaidi. Buluu ya samaki kwa sehemu kubwa si rangi ya chakula, ni vioo vidogo ndani ya ngozi vinavyorudisha mwanga. Muuzaji akikuuzia chakula cha kuongeza buluu, mwombe akuuzie na maji makavu.

Halafu kuna jambo ambalo mafundisho ya chakula cha jumla hulifunika. Tunasema "samaki wa mapambo" kana kwamba ni familia moja inayoketi sinia moja. Kangaja na tasi ni wala mwani. Wana matumbo marefu, wanadonoa kutwa nzima. Ukimpa kangaja nyama mara mbili kwa siku umemnyima kazi yake na umemharibu tumbo. Farasi wa bahari ndiye kinyume chake: hana meno, hana tumbo, chakula kinapita tu, kwa hiyo sharti ale mara nyingi, na anataka chakula kinachotembea. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES tangu 2004, hivyo anayetaka kumuuza kwa amani itambidi ajifunze kumlisha utotoni.

Na wapo ambao, kwa maoni yangu, hawafai kukamatwa kabisa mpaka tujue kuwalisha. Baadhi ya vitatange hula matumbawe hai tu, wala hawatambui kitu kingine kama chakula. Utamwekea kamba wa kusaga, mwani, mayai ya samaki. Atazunguka akivitazama mpaka mbavu zionekane. Na yule samaki mwembamba mwenye mstari mweusi anayesafisha wenzake, Labroides dimidiatus, ambaye ni miongoni mwa wanaokamatwa sana Pwani ya Kenya: kazi yake ni kula wadudu na ute kwenye miili ya samaki wengine. Kwenye tangi la samaki watatu wa sebuleni atasafisha nini? Tunapeleka nje mtu na kazi yake tukaiacha huku. Na jiwe alilotoka, samaki wa pale sasa hawana wa kuwasafisha.

Kuna komredi mmoja, yuko mwaka wa nne kama mimi, ambaye tumebishana haya mpaka kantini ikafungwa. Yeye anasema natia chumvi, kwamba chakula si kila kitu. Nakubaliana naye kuliko anavyofikiri. Mwaka 2003 mtafiti Peter Buston alichapisha matokeo kutoka Papua New Guinea yanayoonyesha kwamba nemo wanaoishi pamoja kwenye anemoni moja hujipanga kwa ukubwa, jike juu, dume chini yake, kisha wadogo, na kila mmoja hujizuia kukua ili asimfikie aliye juu yake. Akimfikia atafukuzwa, na kufukuzwa kwenye anemoni ni kifo. Kwa hiyo ukiwaweka nemo kumi kwenye tangi moja, ukawalisha vizuri, ukakuta mmoja mdogo kama alivyokuwa mwezi uliopita, usikimbilie kulaumu chakula. Huyo anajua anachofanya. Lakini hiyo nayo ni hoja nyingine dhidi ya mizani! Wastani wa uzito wa tangi lile hauna maana yoyote.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi, nayo ni pesa. Kopo la atemia linatoka nje, kwa dola, na likifunguliwa likaingia unyevu mayai yanaharibika. Ni kweli. Lakini huyo huyo atemia anaishi hapa. Katika miaka ya 1980 atemia wa Kimarekani waliletwa kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi, upande wa Gongoni, na wamezaliana huko kwenye maji ambayo chumvi yake ingeua karibu kila kitu kingine. Si wenyeji, lakini wameshaingia. Watafiti wa humu nchini wameandika kuhusu kuwavuna. Kutoka hapa hadi Gongoni ni safari ya matatu ya asubuhi moja, na sisi tunasubiri kopo lipite forodhani. Kopepodi ndio bure kabisa: wako kwenye hori letu. Usiku, maji yakijaa, taa moja na kijavu cha planktoni. Utawachuja, utawaosha, utawakagua kwa hadubini kwa sababu na wadudu wa magonjwa huja nao, kisha utaanza kuwafuga ndani ili usitegemee bahari kila siku. Kilichobaki ni mwani mdogo wa kuwalisha, na mwani unataka mwanga, joto na maji ya chumvi. Kama kuna kitu Pwani haijawahi kukosa ni hivyo vitatu.

Stima ndiyo hofu yangu ya kweli. Rotifa wakikosa hewa usiku mmoja, asubuhi una ndoo ya uvundo. Kwa hiyo katika pendekezo langu kitu cha kwanza kwenye orodha ni betri na pampu za hewa za akiba, kabla hata ya hadubini. Na kila kitu kifugwe kwenye ndoo mbili mahali pawili, moja maabara, nyingine kwenye chumba cha mtu hosteli. Mkuu wa hosteli atazoea.

Swali lililobaki ni lile ambalo mzee wa bandani aliniuliza baada ya mimi kumaliza maswali yangu: mkijua kuwazalisha, sisi mtatupeleka wapi? Sitajibu kwa maneno matamu. Nemo wa kawaida tayari wanazalishwa Florida na kwingineko, na hakuna mpiga mbizi wa Kenya aliyeulizwa. Kazi hiyo inaondoka, sisi tufuge au tusifuge. Lakini tunao nemo wa upande huu wa Bahari ya Hindi, kama Amphiprion allardi wa Afrika Mashariki, na tunao watu wanaojua jozi gani inakaa kwenye jiwe gani na hutaga mwezi ukiwa wapi. Jozi za kuzalisha zitatoka kwao. Mabanda ya kuhifadhia samaki ni yao, na maji safi wanayo. Wanachokosa ni chakula cha siku kumi za kwanza, na hicho ndicho kitu pekee ambacho chuo kinaweza kuwapelekea kwenye ndoo kila asubuhi. Hata kwa samaki wa kukamatwa, banda likiwa na kopepodi hai na mwani wa kudonoa, samaki anaanza kula kabla ya safari badala ya kuanza kufa. Akifika hai, analipiwa. Mpiga mbizi halipwi kwa maiti.

Mwakilishi wetu kwenye kamati ameniahidi kulisoma pendekezo kikaoni hata kama hakubaliani nalo. Limesainiwa na watu kumi na wawili, wawili kati yao wa kitivo cha elimu ambao sijui wametoka wapi lakini karibuni. Idara imeuliza, na ni haki kuuliza, nani atalisha likizo ya Disemba chuo kikifungwa, kwa sababu rotifa hawana likizo. Nimebandika ratiba ya zamu kwenye mlango wa maabara, asubuhi na jioni, kuanzia siku mitihani inapokwisha. Wanaoishi Mombasa na Kilifi wameanza kujaza. Tarehe 24, 25 na 31 jioni bado ziko wazi.